Msimrudishie Mgiriki Gari Lake

Ninyi vijana wa pistole za kupulizia rangi, zimeni kompresa kidogo mnisikilize. Jana nimepita avenyu ya chini hapa Buyenzi nikakuta gari la zamani, zuri, la rika langu, limepakwa nyeusi isiyong'aa, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Nikauliza nani kafanya hivi. Kijana mmoja akajitokeza anacheka, meno yote nje. "Ni mi, mzee. Iko mate, haing'ai. Ndo mode ya sasa." Nikamwambia Mungu amsamehe, nikaenda zangu, maana daktari amenikataza hasira.

Nimefika nyumbani hasira ikanisubiri mlangoni. Basi leo nasema, na daktari atanisamehe.

Mimi ni Yusufu. Wakubwa wenu wananijua. Nimepaka rangi magari katika mtaa huu tangu sijaota ndevu hadi kifua kilipokataa. Sisi hatukuwa na barakoa za kazi. Tulifunga kitambaa puani, na kazi ikiisha tulikunywa maziwa, tukiamini kwamba maziwa yanateremsha rangi kifuani. Nimemaliza maziwa ya zizi zima, na bado nikikohoa asubuhi mke wangu anauliza leo imetoka rangi gani. Ninyi mna barakoa zinauzwa hapo hapo kwenye maduka ya vipuri, mnazitundika shingoni mkipiga picha. Haya, endeleeni.

Aliyenifundisha ni Fundi Sefu, Mungu amrehemu. Mtu mfupi, mkali, mikono yake haikutakata hata siku ya Idi. Alikuwa na sheria moja aliyoturudia hadi tukaiota: kila gari lina rangi ya mama, yaani rangi lililozaliwa nayo huko kiwandani, na fundi asiyeitafuta kwanza ni mpaka chokaa. Gari likifika limepakwa mara nne na watu wasiojua walifanyalo, wewe usiangalie juu. Vua mpira wa mlango polepole, usiukate. Angalia chini ya gurudumu la akiba. Ingiza kichwa chini ya dashibodi kwa nyuma, mahali ambapo hakuna aliyefikisha brashi. Pangusa kwa mafuta ya taa, si kwa tina ya kuyeyushia rangi, kwa sababu tina itakula hicho hicho unachokitafuta. Halafu lowesha kwa maji kidogo, utazame kivulini asubuhi, kabla jua halijawa kali. Saa sita mchana Bujumbura hii kila rangi ni nyeupe.

Na ukichanganya, ujue kwamba rangi mbichi ni mwongo. Ikiwa maji maji inakuambia hivi, ikikauka inakuambia vile. Paka kidogo kwenye kifuniko cha kopo, weka pembeni, nenda kaswali, ukirudi ndipo uhukumu. Siku hizi mnapeleka simu, mnaonyesha picha, mnaletewa kopo limeandikwa namba. Namba inajua nini? Namba haijawahi kusimama kwenye vumbi la Buyenzi.

Vumbi lenyewe mwalijua? Mwaga maji chini kabla ya kupuliza, ua wote mzima hadi barabarani. Fanya kazi kabla upepo wa ziwani haujaamka. Mdudu akitua kwenye rangi mbichi mwache afe kwa amani, utamng'oa ikikauka. Na usifunge mbuzi karibu. Sisi tuliwahi kupaka gari la buluu mkesha wa Idi kubwa, na jirani akamfunga mbuzi wake wa kuchinja kwenye mti ulio karibu na gari. Mbuzi akajikuna. Asubuhi tukamkuta ana ubavu wa buluu, na gari lina manyoya. Mwenye mbuzi akalia kwamba sadaka yake imeharibika. Tukaenda kwa sheikh. Sheikh akamzunguka yule mbuzi, akazuia kicheko, akasema rangi si kilema, mchinjeni. Fundi Sefu akauliza kama sheria hiyo inahusu na gari, sheikh akamwambia asimchoshe.

Nawachekesha, lakini sijaja kuwachekesha. Nimekuja kwa sababu ya gari la Athumani.

Athumani alikuwa rafiki yangu, dereva, mtu wa Buyenzi baba na babu. Alinunua gari kutoka kwa Mgiriki mmoja mwenye duka la vitambaa aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa lile gari la Kifaransa lenye vibawa viwili vidogo nyuma, tuliloliita kwa namba yake ya Kifaransa, katresankatre, mia nne na nne. Rangi yake ilikuwa ya pembe ya ndovu, safi, kitu cha kutazamwa. Athumani alipiga picha ameliegemea, anacheka.

Kicheko hakikudumu. Mgiriki alikuwa amezunguka nalo mji huu miaka na miaka, na kila mtu alilijua kuwa la Mgiriki. Athumani akipita, watoto wanapiga kelele, "Mugiriki huyo!" Akiegesha sokoni, wanauliza Mgiriki yuko wapi. Siku moja akaja gereji kwa hasira.

"Fundi Sefu," akasema, "mi nimenunua gari kwa jasho yangu, na watu wanasema Mugiriki amepita! Nitolee huyu mutu mu gari yangu."

Fundi Sefu akakataa. Rangi ya mama ilikuwa nzima, hata mkwaruzo haina, kuifunika ni dhambi. Athumani akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Fundi, mama yake amekwisha kwenda Ulaya. Hii gari mi ndo ninailea."

Fundi Sefu alilizunguka gari mara moja. Halafu akaniambia, "Yusufu, lete msasa."

Rangi ya gari ya kijani haikupatikana mjini wakati ule. Ilikuwepo iliyobaki walipopaka madirisha ya msikiti, ya mafuta, nzito. Fundi akaongeza manjano, akaongeza tone la nyeusi, akakoroga kwa kijiti, akapaka kwenye kifuniko, akaenda kuswali, akarudi, akatikisa kichwa, akaongeza tena. Kikatoka kijani ambacho sijakiona kwenye gari lingine lolote, kizito asubuhi, na jua likikipiga kinaelekea manjano. Mimi ndiye niliyeshika pistole. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema Mgiriki. Mtoto wa Buyenzi alilijua gari la Athumani kabla hajajua kuhesabu.

Kisha ikaja ile miaka ambayo watu wazima wa mji huu wanaiita krize, wakikwepa kusema vita, halafu wananyamaza. Sitawaeleza yote. Inatosha mjue kwamba mitaa ilifungiana. Mtu wa upande huu hakuvuka kwenda upande ule, na aliyekuwa amenaswa mahali pasipo pake alikaa ndani na kungoja. Buyenzi tulijaribu kukaa pamoja, na Athumani akaanza safari zake. Alikwenda na gari hadi kwenye mipaka ya mitaa mingine, Bwiza na kwingineko, mchana kweupe, akasimama, injini inanguruma. Aliyekuwa anangoja alitoka, akaingia, wakaja Buyenzi. Wa huku na wa kule, hakuuliza mtu jina wala kwao.

Mimi nilimwogopea. Nilimfuata kwake nikamwambia, "Athumani, hii gari yako inajulikana mno. Nipe nipake kijivu. Mujini kuna magari ya kijivu mengi, utapita kama mutu yeyote."

"Yusufu," akanijibu, "wale wananingoja hawajui jina yangu. Sura yangu hawaijui. Wanajua rangi. Nikipaka kijivu, nani atatoka mahali amejificha?"

Kesho yake akatoka tena. Walimpiga mawe, kioo kikavunjika, akaweka kipande cha plastiki, akaendelea na kijani chake. Miaka ile ilipopita hakuizungumzia tena, wala hakukubali mtu aizungumzie mbele yake. Nikijaribu, alikuwa anauliza kama ndagala, dagaa wa ziwa letu, wamepanda bei.

Sasa nakuja kwenye kilichonitoa nyumbani.

Athumani amefariki. Gari likabaki uani chini ya turubai, na mkewe, Bi Zaina, akawa analifunua Ijumaa na kulipangusa. Mtoto wao Kasimu akaja kutoka Ulaya. Huyu alipelekwa kwa shangazi yake huko akiwa mdogo, mwanzo wa miaka ile ile, akakulia huko. Ni kijana mwema, ana adabu, anaswali. Lakini akaona gari, akaona ile picha ya baba yake ameegemea pembe ya ndovu, akafungua simu yake, na simu ikamharibu akili. Akaamua kulirudisha katika hali ya kiwandani.

Mimi nilikuwa nakunywa chai ya tangawizi kwenye kibaraza nilipoona vijana wanasukuma gari la Athumani barabarani. Mafuta siku hizi mnajua wenyewe yalivyo adimu, kwa hiyo walilisukuma. Nikauliza linakwenda wapi. "Kwa Rama, mzee. Wanaenda kulifanya originale."

Rama ni mwanafunzi wangu. Alianza kwangu akiosha makopo, leo ana gereji na kompresa ya umeme. Niliinuka nikaenda, lakini miguu na kifua vyangu havikubaliani siku hizi, nikawa nasimama kila kona kuvuta pumzi. Nilipofika, bawa la mbele la kushoto, lile linalofunika gurudumu, lilikuwa limeshasuguliwa. Chuma kitupu kinang'aa juani. Vumbi la kijani limetapakaa chini.

"Rama!" nikapiga kelele. "Nani amekutuma?"

Akaja mbio, anafuta mikono, ana furaha usoni. "Fundi, karibu! Si weye ulitufundisha? Rangi ya mama. Nimevua mupira ya mulango, sikuukata. Nimepangusa na mafuta ya taa. Njoo uone, iko safi kabisa."

Akanionyesha. Na wallahi alikuwa amefanya sawasawa. Mpira ameuviringisha vizuri pembeni, pamepanguswa kwa upole, na ile pembe ya ndovu inatazama kutoka ndani kama siku ilipotoka melini. Nilikasirika mara mbili, kwanza kwa sababu anaharibu, pili kwa sababu anaharibu kwa ufundi niliompa mwenyewe.

"Nilikufundisha kutafuta rangi ya mama," nikamwambia, "sikukufundisha kuwa na kichwa kama kopo. Sheria ile ni ya magari yaliyopakwa na wajinga. Hii imepakwa na Fundi Sefu, na mwenye gari alijua anataka nini!"

Kasimu akaingia kati, sauti ya chini, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, akaniita mjomba kwa Kifaransa. "Tonton, pole. Kule Ulaya, gari ya zamani ikibadilishwa rangi haina tena thamani. Original ni original. Na angalia." Akatoa ile picha. "Angalia vile papa anacheka hapa. Mi nataka kumurudishia ile siku."

Hapo nikashindwa kumchukia, na kushindwa huko kukanizidishia hasira. Kijana anampenda baba yake. Anampenda kwa picha, kwa sababu picha ndiyo aliyoachiwa, na hakuna mtu aliyemwambia neno. Nikafungua kinywa nimweleze yote, Bwiza, mawe, kioo, yote, na kikohozi kikanishika palepale. Nikakohoa hadi nikashika ukuta. Rama akakimbilia maziwa.

Nilipoinua kichwa Bi Zaina alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji na mkongojo wake. Majirani walimwambia. Akatusalimu mmoja mmoja, akamuuliza Rama habari za watoto, akamuuliza mchomeleaji habari za mama yake, akaniambia, "Shemeji, kifua bado?" Akaitikiwa, akaitikia. Halafu akaenda polepole hadi kwenye gari, akafungua mlango wa mbele, upande aliokaa maisha yake yote, akaingia, akafunga mlango, akaweka mkongojo katikati ya magoti.

"Haya," akasema. "Endeleeni na kazi."

Rama akamtazama Kasimu. Kasimu akainama dirishani. "Mama, toka kidogo. Watapiga apre sasa, ile rangi ya kwanza. Ni sumu."

"Wapige. Wanipake na mi humu humu."

"Mama, ni kwa heshima ya papa."

"Papa yako alimutoa Mugiriki mu gari hii," akasema Bi Zaina. "Leo mwanawe anamurudishia Mugiriki gari yake. Tena anamulipia na rangi."

Wachomeleaji wakacheka, mafundi wa gereji ya jirani wakaja kusimama ukutani. Kasimu akazidi kuinama. "Lakini picha, mama. Si anacheka?"

"Alikuwa anacheka kwa sababu alikuwa bado hajasikia vile watu watamuita."

Nikaona nafasi. "Shemeji," nikasema, "mwambie kijana ile ingine. Mwambie kwa nini hakubadilisha rangi ile miaka."

Akanigeukia. Nimemfahamu mama huyu zaidi ya nusu ya umri wangu, sijawahi kumwona na macho yale. "Shemeji, ile mambo mwenyewe hakuiongea. Mi staiongea. Na we utanyamaza."

Nikanyamaza. Na hilo lilinichoma kuliko msasa wa Rama, kwa sababu nilijua neno moja lingemaliza kila kitu, na mwenye neno amekataa kulitoa. Aliona haya kumdai mwanawe heshima kwa jambo ambalo mumewe alilifanya bila kudai.

Akakaa. Kasimu akatoka nje kupiga simu, akarudi, akamkuta amekaa. Wakamletea chakula, akala humo humo, akarudisha sahani na shukrani. Rama akawa anazunguka upande wa nyuma na msasa mkononi, anajifanya kupima. Kuna wakati akawasha kompresa, nadhani kwa kudhani kelele itamchosha. Kompresa ikanguruma, mama akatulia.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Bi Zaina ana magoti mabovu, huswali amekaa. Akajifunika mtandio vizuri, akaelekeza uso wake, akaanza kuswali palepale kwenye kiti cha gari. Midomo yake ikawa inatembea.

Rama akazima kompresa. Hakuna aliyemwambia. Ninyi mnapenda kusema kazi ni kazi, lakini sijamwona mtu wa Buyenzi anayeweza kumpulizia rangi mama aliye kwenye swala. Mafundi wa jirani wakaacha kugonga. Alipotoa salamu kulia na kushoto, Rama alikuwa ameshauweka msasa juu ya benchi, na hakuushika tena.

"Sawa, mama," akasema Kasimu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemkubalia mzee wazimu wake. "Sawa. Ibaki kijani."

Mimi ndimi niliyechanganya kijani cha lile bawa lililosuguliwa, nikikohoa, nikimtukana Rama, naye ananishikia makopo bila kujibu. Rangi ile ya madirisha haitengenezwi tena. Nilichanganya, nikapaka kifunikoni, nikaswali, nikarudi, nikamwaga. Na hapa nawapa swali la ufundi, mlijibu wenyewe kama mnajiweza. Gari zima jua limelila, kijani chake kimechoka. Chini ya kofia ya tangi la mafuta kijani ni kile kile cha siku ya kwanza, kikali. Unafuata kipi? Ukifuata kilichochoka, bawa litafanana na gari, na hakuna atakayejua. Maisha yangu yote nilifuata kilichochoka. Kiraka kinachoonekana ni aibu ya fundi.

Bi Zaina akasema nifuate cha siku ya kwanza. "Ile ingine imezeeka na sisi," akasema. "Hii imesuguliwa na mutoto, acha ionekane."

Basi linaonekana. Bawa moja linang'aa, gari lililobaki limefifia. Kila nikiliona jino linaniuma, na mafundi wapumbavu wananiuliza kwa dhihaka kama siku hizi sioni. Nawaambia naona vizuri, naona hata ujinga wao. Kasimu naye hakulipenda. Alisema ni kweli amekubali, lakini sasa gari halina thamani kule wala huku, na atarudi Ulaya akiwa na picha tu. Akasema kwa upole, na kila neno lake lilinipiga, kwa sababu hakuelewa, na mimi wakati ule nilikuwa nimefungwa mdomo.

Wiki iliyofuata akapata mafuta kidogo kwa rafiki. Bi Zaina akataka kwenda Bwiza kumjulia hali binamu yake mgonjwa, akaniita nikae nyuma, nipate hewa. Kasimu akashika usukani. Tulipotoka Buyenzi watu wakainua mikono, wengine wakaita "Athumani!" kwa mazoea, halafu wakashika vinywa vyao. Kasimu akawa anapunga mkono bila kujua anapungiwa nani.

Bwiza, kwenye barabara ya maduka, lori lilikuwa linapakua sementi. Tukasimama, injini inanguruma. Ng'ambo kulikuwa na duka dogo la nafaka, na mama mmoja wa makamo, msalaba shingoni, anampimia mteja mchele. Akainua kichwa.

Akaweka chini kikombe cha kupimia. Akatoka nyuma ya mizani, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, moja kwa moja hadi kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma. Akanikuta mimi nimekaa. Hakunitazama. Alitazama chini, pale kwenye sakafu kati ya kiti cha mbele na miguu yangu, mahali mtu mzima anaweza kulala akafunikwa na nguo. Goti lake moja lilikuwa limeshapanda ndani. Ndipo akasimama, mkono ungali kwenye kitasa.

Kasimu akamgeukia. "Mama, unaenda wapi?"

"Sijui," akasema yule mama. Machozi yalikuwa yanateremka na wakati huo huo anaona haya, anajaribu kucheka. "Sijui, mwanangu. Nimeona gari."

Bi Zaina hakugeuza kichwa. Alipitisha mkono wake nyuma kati ya viti viwili, na yule mama akaushika kwa mikono yote miwili. Ng'ambo mteja alikuwa anaita, mama, muchele yangu. Lori liliondoka na njia ikawa wazi, na Kasimu hakutia gia. Alikuwa ananitazama kwenye kioo kwa macho ya Athumani, na hakuwa ananiuliza habari za rangi tena.

Kwa hiyo msinionyeshe simu zenu. Lile gari lingekuwa limevaa pembe ya ndovu ya kiwandani, safi, na thamani yake yote ya Ulaya, yule mama angeendelea kupima mchele.